Muulize Fundi: Pini ya Mombasa imetua Uhispania

Jamani mwezi huu nimefurika. Kila barua ni lokesheni, lokesheni, lokesheni. Nadhani ni kwa sababu kila mwenye boti, mgahawa au gari la watalii siku hizi anataka posti ikitoka tu, jina la mahali liwe limekaa pale juu, na hataki kuliweka kwa mkono kila saa, anataka programu imfanyie. Sawa. Leo ni hilo tu, wa printa na wa laini za simu msubiri toleo lijalo. Barua nimezifupisha kidogo na majina nimeyatoa.

Fundi, mambo vipi. Mimi namsaidia mjomba na biashara ya mashua hapa Mombasa, zile za chakula cha jioni. Nimetengeneza ukurasa unavuta posti za wageni zenye lokesheni halafu unaziweka kwa ramani. Shida ni hii, posti ambazo mimi mwenyewe nimeona zikipigwa Old Town zinatokea Uhispania, karibu na mji unaitwa Toledo. Mjomba anauliza kama tumefungua tawi Ulaya na hajaambiwa. GPS ya simu nimeiangalia iko sawa kabisa. Nisaidie kabla mzee hajaamua mimi ni bure. – Wa Mombasa

Mwambie mjomba hakuna tawi, ni wewe umegeuza namba. Mombasa iko kama -4.06 latitudo na 39.68 longitudo. Sasa zigeuze, 39.68 iwe latitudo na -4.06 iwe longitudo, unaangukia kusini kidogo ya Toledo, kama kilomita 20 hivi. Ndio maana nimelijua jibu kabla sijamaliza kusoma barua yako, huu mji umeshapokea pini nyingi sana za Mombasa bila wenyewe kujua. Watu wa Dar wakikosea hivyo hivyo wanatua Extremadura, jirani na mpaka wa Ureno. Wa Nairobi ndio wana bahati mbaya zaidi, wanaenda kuzama Mediterania katikati ya Uhispania na Algeria.

Kosa sio lako peke yako, dunia yenyewe haijakubaliana. Watu wa baharini wanaanza na latitudo, na ina sababu: latitudo ilijulikana mapema. Manahodha wa Bahari ya Hindi walikuwa na kile kibao chenye uzi wenye mafundo, kamal, wanapima nyota iko juu kiasi gani ya upeo wa bahari na wanajua wako wapi kati ya kaskazini na kusini, wakati longitudo ilisumbua watu karne na karne. Kwa hiyo mzee wako akikutajia kodineti, yani hizo namba mbili za mahali, ataanza na latitudo. Lakini watu wa hesabu wanaanza na x halafu y, x ni mashariki-magharibi, yani longitudo, na GeoJSON, ule muundo wa kuandika data za ramani, imefuata watu wa hesabu. Kwenye zana za kuchora ramani, Google Maps na Leaflet wanataka latitudo kwanza, MapLibre inataka longitudo kwanza. Na kichekesho chenyewe ni Twitter, hii inayoitwa X siku hizi, kwenye toleo la 1.1 la API yao, yani mlango ambao programu zinaupitia kuongea nao, posti moja ilikuwa na sehemu mbili za kodineti, moja inaitwa geo imeanza na latitudo, nyingine inaitwa coordinates imeanza na longitudo, posti ile ile! Ile geo waliitangaza kuwa imestaafu lakini mifano iliyojaa mtandaoni bado inaitumia, unanakili mstari mmoja kutoka hapa na mmoja kutoka kule, tayari uko Toledo.

Halafu kuna jambo linalotuuma sisi wa huku kuliko wengine. Latitudo inaruhusiwa kuwa kati ya -90 na 90. Mtu wa Jakarta akigeuza namba zake, longitudo yake ni kama 106, mfumo unamkatalia hapo hapo maana hakuna latitudo ya 106. Sisi longitudo zetu ni thelathini na kitu, arobaini, zinapita zote bila kelele. Seva inakujibu sawa, imepokea, asante. Kwa hiyo polisi wa hilo ni wewe. Kwa Kenya weka ukaguzi kwenye kodi (code) ya programu yako: latitudo isipokuwa kati ya -5 na 6, au longitudo isipokuwa kati ya 33 na 42, usichore, andika kwenye logi. Kwa Tanzania ni rahisi zaidi, latitudo yetu LAZIMA iwe na alama ya kutoa mbele, nchi nzima iko kusini ya ikweta, ukiona chanya jua kuna mtu kaipoteza ile alama njiani. Mombasa bila ile alama inaenda kusini mwa Ethiopia. Dar pia Ethiopia, milimani huko juu zaidi.

Na usiite vigeugeu vyako a na b wala pos[0]. Viite lat na lng. Mjomba atakusamehe.

Shikamoo Fundi. Niko Dar nasoma IT mwaka wa tatu. Nimeandika skripti ya kuposti taarifa za mafuriko kwenye X, mtaa gani maji yamejaa. Natuma lat na long kama mafunzo niliyoyafuata yanavyosema, posti inatoka vizuri kabisa, error hakuna, ila lokesheni haionekani popote. Siku tatu silali. – Mwanafunzi, Dar

Marahaba mdogo wangu, na kwanza hongera kwa wazo, mvua za Dar unazijua. Sasa lala.

Mafunzo uliyofuata ni ya zamani. Twitter walianza kuruhusu kodineti kwenye API mwaka 2009, ukituma lat na long inakaa kwenye posti, na ukiongeza display_coordinates inaweka na pini kamili. Kwa miaka kama kumi ilikuwa hivyo. Juni 2019 wakatangaza wanaondoa kuweka nukta kamili kwenye twiti, wakabakiza kwenye kamera ya ndani ya app yao, sababu waliyotoa ni kwamba watu wengi hawaitumii. Kilichobaki kwa mtu wa kawaida ni jina la mahali. Kwa hiyo ukiwa toleo la 2 la API, unapotuma posti unaweka ndani ya mwili wa ombi "geo" na ndani yake "place_id", basi. Hakuna lat hakuna long. Place_id ni namba ya utambulisho ya mahali, inaweza kuwa mtaa, mji, mkoa, au nchi nzima, na ina kiboksi chake cha mipaka badala ya nukta.

Sasa utaipata wapi hiyo namba. Njia rasmi ni geo/search au geo/reverse_geocode za toleo la 1.1, unaipa kodineti inakurudishia orodha ya mahali, unachagua. Ila tangu 2023 walivyofunga mlango wa bure kwa namna tulivyouzoea, angalia kifurushi chako kinaruhusu nini kabla hujaanza kulalamika kwamba kodi mbovu. Kuna njia ya kienyeji ambayo mimi naipenda: tafuta posti ambayo mtu kaiweka mwenyewe kwa simu na mahali unapopataka, isome kwa API ukiomba expansions=geo.place_id, namba inatoka, unaihifadhi. Mitaa ya kufurika unayoijua wewe haizidi thelathini, kaa jioni moja uzikusanye ziwe kwenye faili, humwombi mtu tena.

Kitu cha pili, na hiki nina wasiwasi ndicho kimekumaliza hata kabla ya hicho cha kwanza. Akaunti inayoposti lazima iwe imeruhusu lokesheni kwenye mipangilio ya faragha, na inakuja ikiwa imezimwa. Ikiwa imezimwa, ile API ya zamani ilikuwa inatupa kodineti zako kimya kimya. Haikwambii. Ukituma lat bila long, inatupa. Ukituma namba nje ya mipaka, inatupa. Posti yenyewe inatoka, wewe unashangilia. Kwa hiyo usiamini jibu la "imefanikiwa" peke yake, isome tena posti baada ya kutuma uangalie sehemu ya geo ipo au haipo, programu yako ifanye hivyo yenyewe kila mara.

Nikushauri pia kama ndugu: kwa mafuriko usitegemee hicho kibandiko cha mahali hata kidogo. Mtu aliyekwama mtaa wa Jangwani na chaji asilimia 4 haendi kubonyeza jina la mahali kuona liko wapi. Andika mtaa kwenye maneno yenyewe, mwanzoni, "Maji yamejaa Jangwani", ndio uweke place_id kama nyongeza. Na majina ya mitaa yachukue OpenStreetMap, ile ramani huru inayochorwa na watu wenyewe, kwa Dar iko vizuri kwa sababu wanafunzi kama wewe na wenyeji walizunguka mtaa kwa mtaa kuchora kwenye mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, na ulikuwa kwa ajili ya mafuriko haya haya. Ukitumia seva yao ya bure ya kubadilisha kodineti kuwa jina, Nominatim, sheria yao ni ombi moja tu kwa sekunde na ujitambulishe programu yako inaitwa nani. Ukiwapiga maombi mia kwa mkupuo watakufungia, na haki yao.

Assalam aleikum. Nina mgahawa Unguja, posti zangu za Instagram kijana wangu anazituma kwa programu aliyoitengeneza mwenyewe. Mimi nataka pale juu paandikwe jina la mgahawa, yeye anasema haiwezekani kwa programu mpaka kwa mkono. Ni kweli au ananikwepa? – Mama wa pweza, Unguja

Waaleikum salaam mama. Hakukwepi, ila hajasoma mpaka mwisho.

Inawezekana. Instagram haitaki kodineti kabisa, inataka location_id, na hiyo location_id sio kitu kingine bali ni namba ya Ukurasa wa Facebook wa mahali hapo. Hapo ndipo vijana wengi wanapotea, wanatafuta namba upande wa Instagram wakati iko Facebook. Na Ukurasa wenyewe lazima uwe umejazwa latitudo na longitudo, yani anwani yenye pini. Je mgahawa una Ukurasa Facebook? Una anwani, au umeandikwa tu "Zanzibar"? Kama hauna, mwambie aanzie hapo, aujaze vizuri na pini ikae mlangoni pako sio baharini.

Kwa kijana: kuposti kwa API ya Instagram ni hatua mbili, kwanza unatengeneza chombo kwa /media, picha iwe JPEG na iwe kwenye kiungo ambacho Instagram inaweza kukifikia, halafu unachapisha kwa /media_publish. Location_id inaingia hatua ya KWANZA pamoja na maneno ya picha. Ukiisahau hapo imeisha, kwa API huwezi kuiongeza ikishatoka, itabidi ufungue Instagram kwenye simu uhariri kwa mkono kama zamani. Na akaunti iwe ya biashara au ya mbunifu, ya kawaida haikubali.

Pweza wa nazi nitakuja kumla mwenyewe, hiyo sio rushwa.

Fundi habari. Naendesha wageni, Arusha. Bosi amenunua mfumo ambao dereva akipiga picha safarini inapanda yenyewe Flickr ya kampuni na mahali ilipopigwa. Wageni wanapenda sana. Mimi roho inasita kidogo nikifikiria faru. Nasita bure? – Dereva, Arusha

Husiti bure hata kidogo, na bosi akikasirika mpe hili gazeti asome.

Elewa kwanza lokesheni inaingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni ule programu inapoituma yenyewe kwa API. Wa pili upo ndani ya picha, simu ikipiga inaandika kodineti ndani ya faili, wanaita EXIF, huioni kwa macho lakini ipo. Desemba 2012 John McAfee, yule wa programu za virusi, alikuwa anakimbia polisi wa Belize, jarida la Vice likaweka picha yake mtandaoni, ndani ya faili ile kulikuwa na kodineti zinazoonyesha yuko Guatemala. Mchezo ukaisha. Instagram na X wanaifuta hiyo EXIF kwenye nakala wanazoonyesha watu, WhatsApp ukituma kama picha ya kawaida inafutika pia, lakini ukituma kama dokumenti inaenda nzima nzima. Flickr kazi yake ni wapiga picha, yenyewe inaweza kuisoma na kuiweka kwenye ramani kama akaunti imeruhusu. Kwa hiyo mwambie aliyeuza mfumo azibe milango yote miwili, akifunga API akaacha EXIF hajafunga kitu.

Faru weusi wa Ngorongoro wanalindwa kwa bunduki, na wewe unaposti kodineti yenye tarakimu sita baada ya nukta. Hesabu yake iko hivi, kwa huku kwetu karibu na ikweta: nyuzi moja ni kama kilomita 111. Tarakimu moja baada ya nukta ni kilomita 11. Mbili ni kilomita moja na kidogo. Tatu ni mita 111, nne ni mita 11, tano ni mita moja. Tarakimu sita maana yake unamwonyesha jangili faru alikuwa kwato ipi. Hifadhini Afrika Kusini kulishaonekana mabango yanawaomba wageni wazime lokesheni za simu wakipiga picha faru, kwa sababu hii hii.

Flickr kwa bahati nzuri API yake imefikiriwa. Kuna flickr.photos.geo.setLocation na ina paramita ya accuracy kuanzia 1 mpaka 16, 1 ni dunia, 3 ni nchi, 6 ni mkoa, 11 ni mji, 16 ni mtaani kabisa, na usipoandika kitu inachukua ile kali kabisa ya 16. Waliowauzia mfumo nahisi wameiacha hivyo hivyo. Ila angalia, accuracy ni lebo tu, kodineti ulizotuma ni zile zile, kwa hiyo zungusha namba kwanza ndio utume. Kuna pia setPerms, unachagua nani aone mahali: wote, marafiki, familia. Mimi kwa faru nisingetuma kodineti kabisa, hata za kilomita moja. Andika "Ngorongoro" inatosha, mgeni kwao hajui tofauti. Kwa twiga barabarani, tarakimu mbili, wala hakuna ubaya.

Na mgeni mwenyewe akiwemo kwenye picha muulizeni. Kenya tangu 2019 na sisi tangu 2022 tuna sheria za data binafsi, na ile ya Kenya imetaja mahali alipo mtu kwa jina lake kabisa.

Fundi, Mastodon natumia API gani kuweka lokesheni? Nimetafuta sijaona. – Mwanza

Hujaona kwa sababu haipo. Posti ya Mastodon haina sehemu ya mahali. Andika Mwanza kwenye maneno au weka hashtegi.

Sasa Fundi. Niko Nanyuki, niko na kiapu kidogo watu wanapost maduka na hoteli zenye ziko karibu. Nilisoma mahali kwamba ni poa kupunguza lokesheni ibaki desimali moja ndio usianike nyumba za watu, nikafanya hivyo. Sasa posti za Nyeri zinatoka na pini poa, za Nanyuki hazina pini kabisa. Na zingine mbili tatu ziko katikati ya bahari huko chini ya Ghana. Hii kitu imenichosha. – Nanyuki

Hii barua nimeifurahia kuliko zote, ni kosa ambalo mtu wa Berlin hawezi kulipata akilitafuta.

Nanyuki iko juu ya ikweta, latitudo yake ni kama 0.01. Ukizungusha kwa desimali moja inakuwa 0. Sifuri kavu. Na nina uhakika kwenye kodi yako kuna mstari unasema if (lat && lng), na kwenye JavaScript sifuri inahesabika kama hakuna kitu. Programu inaangalia Nanyuki inasema hapa hamna latitudo, inaruka. Nyeri ni -0.4, sio sifuri, inapita. Badilisha uulize kama lat ni null, yani tupu, usiulize kama "ipo". Mtu wa Kisumu mwenye -0.09 anaponea chupuchupu, inazungushwa kuwa -0.1.

Zile za baharini ni ndugu wa kosa hilo hilo ila kinyume chake. Simu ikikosa GPS, mahali fulani kwenye kodi yako unajaza sifuri badala ya kuacha wazi, sifuri na sifuri inaangukia Ghuba ya Guinea, wenyewe wanapaita Null Island, ni utani, kisiwa hakipo, kuliwahi kuwekwa boya la hali ya hewa tu. Kwa hiyo umefanya mambo mawili: sifuri ya kweli umeitupa na sifuri ya uongo umeihifadhi. Acha wazi pale GPS inapokosa.

Na desimali moja ni kilomita 11, kwa maduka ni kubwa mno, mtu atatafuta hoteli mpaka akate tamaa. Duka weka nne, limetaka lenyewe kuonekana. Mtu anayeposti weka mbili.